Ndugu Yangu Alifuta Windows Zangu Zote Usiku, Sasa Nyumba Imegawanyika

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 43, nina saiba (duka la intaneti) mtaani Umoja, Nairobi. Kompyuta ni sita, printa mbili, mashine ya fotokopi ambayo bado naidaiwa na chama, na meza ya M-Pesa kando ya mlango. Wateja huniita Mama Saiba. Kazi yenyewe unaijua: ritani za kodi za KRA, cheti cha tabia njema kwenye eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, wasifu wa kuombea kazi, na hasa vijitabu vya mazishi. Usinicheke. Vijitabu vya mazishi ndivyo vinavyolipa karo ya wanangu.

Kwangu anaishi kitinda mimba wetu, ana miaka 24. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo ni ndugu na ni mtoto kwa wakati mmoja. Alimaliza diploma ya kompyuta mwaka juzi na hajapata kazi. Asubuhi tunafungua saiba pamoja, usiku tunafunga pamoja. Namlisha, namlaza, namvisha. Hanywi wala hapigi kelele. Ila tangu mwaka jana ameshikwa na jambo moja tu: programu huria, zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzifungua na kuzibadilisha. Ukimpa chai anakwambia habari za leseni. Ukimwuliza saa anakwambia Linux, mfumo wa kompyuta wa kutumia badala ya Windows.

Siku moja aliniambia, "Dada, unajua hizi Windows zote sita ni za wizi?" Nilijua. Ziliwekwa na fundi wa Luthuli Avenue kwa shilingi mia tano kila mashine, na sikuuliza risiti. Lakini mimi ni mweka hazina wa akina mama kanisani, na neno lile lilinikaa kama mfupa wa samaki kooni. Akaniambia hata nikilipia bado nitakuwa mtumwa, kwa sababu ni programu ya kufungwa, mwenye nayo anaamua na mimi nafuata. Akataka tubadilishe mashine zote. Nikamwambia, "Tutaona."

Alhamisi moja mwezi wa pili nilikuwa na homa, nikaondoka mapema. Akabaki kufunga. Ijumaa asubuhi nafungua, mashine zote sita zina sura nisiyoijua. Alikuwa amefuta kila kitu usiku kucha, na faili za wateja amezihifadhi kwenye diski yake, sikatai. Lakini mashine tatu zinazotumia waifai hazikushika mtandao kabisa. Chrome haikuwepo. Kivinjari alichoweka kilikuwa na kizuizi fulani, kurasa za serikali zinakuja nusu nusu, ukibofya kitufe hakifanyi lolote. Vijana wa HELB wakaondoka mmoja mmoja wakavuka barabara kwa jirani.

Na siku hiyo nilikuwa na kijitabu cha kurasa 12 cha mjane mmoja, nilichokuwa nimekitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Alikifungua kwa programu yake, akaniambia kiko sawa. Tukachapisha nakala 150 kwa haraka kwa sababu basi la kwenda Kakamega lilikuwa linangoja. Picha ya marehemu ilikuwa imeshuka ikafunika majina ya watoto wake. Mjane alipoona hakusema kitu. Alizifunga kwenye lesso akaondoka. Mpaka leo naona ile lesso.

Baba Watoto alimwita fundi yule yule, akarudisha Windows kwenye mashine nne. Mbili zimebaki za ndugu yangu. Baba Watoto anasema kijana aondoke mwezi ukiisha. Kijana naye anasema nikirudisha na hizo mbili ataondoka mwenyewe, hawezi kukaa siku nzima ndani ya gereza. Wiki tatu sasa wanapitishiana sahani ya ugali bila neno.

Kinachonichanganya ni kwamba nadhani kijana ana haki. Zile mashine zake mbili haziingiwi na virusi, na hazigandi. Lakini siwezi kula haki, na Juni inakuja na foleni ya ritani. Nimfuate mume wangu au ndugu yangu? Na je, kuna kivinjari na mfumo ambao hautanitia hatiani wala kunifukuzia wateja?

Aliye Katikati, Umoja

*

Dadangu Aliye Katikati,

Pole kwa homa, pole kwa Ijumaa ile, na pole zaidi kwa hiyo meza ya ugali. Kwenye kompyuta nitakwambia ninachokijua. Kwenye meza yako mwenye kujua ni wewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona mna magomvi mawili mliyoyafunga kamba moja. Wewe kilichokuchoma ni wizi: Windows bila leseni. Hilo lina dawa mbili, ama kulipa ama kuacha kutumia, na ukifanya lolote kati ya hayo dhamiri yako kama mweka hazina inatulia, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haina neno nawe tena. Ndugu yako kilichomchoma ni kingine. Ungelipa leseni sita kesho asubuhi, yeye angebaki na uchungu ule ule. Kwake programu ni huria pale mtumiaji anapoweza kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua aone inavyofanya kazi na kuibadilisha, kumgawia jirani nakala, na kugawa hata ile aliyoibadilisha. Bei haihusiki, programu huria inaweza kuuzwa, na kuna za bure tele ambazo si huria hata kidogo, Chrome ikiwa mojawapo. Unaposema "nadhani kijana ana haki", jiulize umekubali haki ipi. Inawezekana umekubali ya kwanza, naye amesikia umekubali zote mbili.

Na lile neno "tutaona". Wewe na mimi tunajua maana yake kwa mtu mzima: ni hapana iliyovaa nguo nzuri. Kijana wa miaka 24 anayewaka moto alisikia ndiyo inayongoja siku. Sikulaumu, wengi tunalitumia. Nakuonyesha tu mahali mlango ulipobaki wazi.

Sasa nimtetee kidogo, maana hayupo hapa kujisemea. Haya mambo hakuyaokota jalalani. Na utapenda kujua kwamba yalianzia kwa printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, Richard Stallman alikuwa na printa ya leza waliyopewa na kampuni ya Xerox, ikikwama karatasi kila mara. Printa ya awali alikuwa ameibadilisha programu yake ili iwaarifu watu karatasi ikikwama. Hii mpya alinyimwa programu yake ya asili. Mtu aliyekuwa nayo alikuwa ameahidi kutompa yeyote. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, mfumo mzima ambao hakuna atakayenyimwa ndani yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux, na viwili hivyo vikaungana vikawa huo mfumo ulioukuta Ijumaa asubuhi. Wewe ambaye umewahi kupiga ngumi printa foleni ikiwa mlangoni, huyo mtu ni wa kabila lako.

Wala si mambo ya wazungu peke yao. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakungoja kampuni iamue kama Waswahili wanatosha kuwa soko. Leseni iliwaruhusu, wakaketi wakatafsiri. Kijana akizungumza juu ya uhuru, anazungumza juu ya kitu kama hicho.

Tena Publisher yako hiyo. Microsoft imeshatangaza kwamba msaada wake utakoma Oktoba 2026. Na Windows 10, kama ndiyo fundi aliyorudisha, muda wake wa kawaida wa kurekebishwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikikataa rasmi mashine nyingi za zamani tunazonunua mtumba. Kwa hiyo Baba Watoto anaposema turudi palepale, palepale penyewe panabomoka. Windows iliyovunjwa kufuli ina hatari ya ziada: hujui chombo kilichovunja kufuli kiliingia na nani. Wateja wako wanaandika nywila za KRA na namba za vitambulisho kwenye mashine hizo.

Baada ya kumtetea, nimgeukie. Yeye anasema tatizo la programu ya kufungwa ni kwamba mwenye nayo anaamua na wewe unafuata. Unaamka asubuhi unakuta skrini imebadilika, hukuulizwa, na kazi ya leo imesimama. Dadangu, Ijumaa ile ni nani aliyekufanyia hivyo? Mashine ni zako. Aliyeingia usiku akaamua juu yake ni yeye. Ningetamani umwulize hivyo, kwa upole, mkiwa wawili, Baba Watoto asiwepo. Usimwulize ili umshinde. Nina hakika ndogo kwamba akilielewa swali hilo litamkaa kuliko kelele zote za mwezi huu, kwa sababu ni swali la dini yake mwenyewe.

Kuna jambo moja la ufundi pia ambalo huenda hakukueleza, kwamba watu wa programu huria wenyewe hawakubaliani pa kuweka mpaka. Kadi nyingi za waifai haziwaki mpaka zipewe kijiprogramu kidogo cha kampuni iliyozitengeneza, na kijiprogramu hicho ni cha kufungwa. Mifumo mikali kama Trisquel hukikataa kabisa. Kwa maelezo yako, nashuku ndicho kilichozima mashine zako tatu. Debian, ambao ni mradi wa mfumo wa Linux wa tangu 1993 na si watu wa mchezo, walipiga kura mwaka 2022 wakaamua kukiweka ndani ya kisakinishi chao, na toleo lao la 12 la mwaka 2023 likaja nacho. Shirika alilolianzisha Stallman, Free Software Foundation, haliwaweki kwenye orodha ya mifumo linayoipendekeza. Linux Mint na Ubuntu (huyu wa pili alianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lenyewe unalielewa bila kamusi) wanalegeza zaidi, ili mashine iwake tu. Kwa hiyo akikuambia "huria" na wewe ukasema "sawa", bado hamjakubaliana ni huria kiasi gani.

Kivinjari nacho kina ngazi zake. Chrome ni ya kufungwa, ingawa imejengwa juu ya Chromium, ambayo chanzo chake kiko wazi. Firefox ni huria, ipo tangu 2004, na kurasa nyingi zinazofunguka kwenye Chrome zinafunguka humo bila mteja kugundua. Ina doa lake, kwamba sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google ili injini yao ya kutafuta iwe ya kwanza. Ukipanda zaidi unafika kwenye GNU IceCat, inayokuja na kizuizi kiitwacho LibreJS: kijisehemu cha JavaScript (programu ndogo ziendeshazo vitufe vya kurasa) kisichoonyesha leseni huria hakiruhusiwi kukimbia, isipokuwa kikiwa kidogo sana. Kwa mtu mmoja chumbani kwake huo ni msimamo wa heshima. Kwa kijana wa HELB aliyebakisha saa moja kabla ya mwisho wa kutuma maombi, ni mlango uliofungwa usoni. Na hapo kuna swali ambalo sijawahi kulipatia jibu la kuniridhisha: kwenye saiba, mtumiaji ni nani? Ni wewe mwenye mashine, au yule anayelipa shilingi moja kwa dakika? Uhuru wa nani unalindwa? Mpe kijana hilo alitafune.

Umeniuliza kama upo mfumo usiokutia hatiani wala kufukuza wateja. Naona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba.

Mnaweza kuanza na juu badala ya chini: mashine zibaki na Windows kwa sasa, lakini vivinjari viwe Firefox na kazi za kuandika zihamie LibreOffice (programu huria ya ofisi), ambazo zote zinakaa ndani ya Windows vizuri. Wateja wanazoea taratibu, na siku mkibadilisha mfumo chini yake hawashtuki. Ubaya ni kwamba ule mfupa wa kooni unabaki pale pale. Windows bado ni ya fundi.

Mnaweza kuacha hizo mbili za kijana, mkaongeza ya tatu baada ya muda, na mkanunua leseni halali ya mashine moja tu kwa kazi zinazolazimisha. Maana zipo. Fomu ya ritani ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), ukiifungua kwa LibreOffice inaweza kuonekana salama mpaka ufike kwenye kile kitufe cha mwisho cha kuhakiki na kutoa faili ya kupakia, ndipo igome. Ijaribuni sasa, kabla ya Juni, kwa ritani yako mwenyewe, si ya mteja. Tarehe 30 Juni si siku ya kugundua mambo. Mwiba wa njia hii ni fedha ya leseni, na pia kwamba kijana anaweza kuiona hata hiyo moja kama usaliti. Hapo utajua kama anataka saiba iende au anataka kushinda.

Au mbadilishe zote, lakini mchana, kwa tarehe mliyopanga, mashine moja kwa wiki. Linux Mint hukimbia kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, kwa hiyo waifai, printa na fotokopi vinaweza kupimwa kabla mtu hajagusa diski. Printa nyingi za HP hukubali bila taabu. Mashine kubwa za fotokopi ndizo za kuulizia kwanza. Hatari yake ni jirani wa ng'ambo ya barabara, na miezi miwili mitatu ya mapato kupungua. Hesabu hiyo ifanye na Baba Watoto kwa kalamu, si kwa hasira.

Kuhusu vijitabu niruhusu nichimbe kidogo, maana ndiyo karo. Kilichotokea si uchawi. LibreOffice hufungua faili za Publisher, ila kwa kukisia mpangilio, na fonti zisipokuwepo huweka za kufanana. Times New Roman ina pacha anayeitwa Liberation Serif mwenye vipimo vile vile. Calibri ina Carlito. Fonti nyingine yoyote ya mapambo uliyotumia, mistari inasogea, na picha inasogea nayo. Faili ya zamani ibaki kwenye programu iliyoizaa. Mpya zianzwe upya kwenye LibreOffice au Scribus, ambayo ni huria na imetengenezwa kwa kazi ya kurasa. Na chochote kile, kigeuzeni PDF, mchapishe nakala moja, mwenye msiba aishike mkononi na kusoma majina yote kabla ya zile 149. Hili halina uhusiano na Linux. Hata Ijumaa ile lingekuokoa.

Nisamehe niulize kitu usichoandika. Umesema unamlisha, unamlaza, unamvisha. Hukusema unamlipa. Anafungua asubuhi, anafunga usiku, ana diploma, na labda mwisho wa mwezi hupewa nauli. Sijui kama ndivyo. Kama ndivyo, basi huenda neno "gereza" halikuhusu Windows peke yake. Kijana aliye katika nyumba ya shemeji yake, asiye na mshahara wala mlango wa kufunga, hutafuta mahali pamoja ambapo yeye ndiye anayeamua. Wako alikuta mashine sita.

Na Baba Watoto, ambaye humu ndani ametokea kama mwenye nyundo tu: je, ameshawahi kuelezwa jambo hili na mtu asiyepaza sauti? Hujaniambia alisema nini kuhusu hizo Windows za mia tano. Huenda naye halali vizuri. Huenda anachoogopa si mfumo, ni kwamba kwenye nyumba yake maamuzi yanafanywa usiku na mtu mwingine. Ukiniuliza umfuate nani, nakuona umejiweka kama kamba ya kuvutwa na wawili. Leseni ya biashara ya saiba ina jina la nani? Kama ni lako, pengine wanaume hao wawili wanangoja kusikia unataka nini wewe, na bado hujasema, si kwao wala kwangu.

Ukipata nafasi niandikie tena baada ya foleni ya Juni, uniambie kile kitufe kiligoma au hakikugoma.

Na yule mama wa Kakamega, ameshakanyaga saibani tena? Kama faili bado ipo kwenye diski ya kijana, nakala mpya hata ishirini, zenye majina ya watoto yote yakisomeka, zinaweza kuchapishwa kwa jioni moja. Mpe kijana kazi hiyo azipeleke mwenyewe.